Faili Hukaa, Mtoto Hukua

Katika maombi yetu ya kuhamia Marekani, mimi na mume wangu tulipimwa afya tukamaliza upesi. Picha ya kifua, damu, maswali kuhusu maradhi tuliyowahi kuugua, basi. Waliotupa kazi ni watoto, na wala hawakuwa wagonjwa. Kila walichofanyiwa kilitegemea umri waliokuwa nao siku walipoingia kwa daktari, na umri wa mtoto haumsubiri mtu. Faili linaweza kukaa mezani miezi kadhaa bila kuguswa. Mtoto, katika miezi hiyohiyo, anavuka mwaka wa pili, anatoka katika kundi moja la chanjo na kuingia jingine, na sura yake inaanza kupishana na picha ya pasipoti. Mzazi mwenye watoto wadogo akilishika hilo mapema, mambo mengi ya upimaji yanaacha kumshangaza.

Tulikuwa na watatu: binti wa miaka 6, mdogo wake wa kiume wa miaka 4, na kitinda mimba aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi 8. Baba mmoja, mama mmoja, daktari mmoja, asubuhi moja, na bado kila mmoja alipimwa kivyake.

Upimaji huu haufanywi na daktari yeyote unayemwamini. Mwombaji aliye nje ya Marekani hupimwa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi. Aliye tayari ndani ya nchi na anaomba ukaazi huko hupimwa na daktari aliyeidhinishwa na idara ya uhamiaji, ambaye hujaza fomu ya I-693. Wote hufuata maelekezo ya CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa. Nilipolielewa hilo nilitulia. Daktari wetu hakuwa anampendelea huyu na kumwonea yule. Alikuwa na jedwali la umri mbele yake. Nilipomuuliza kwa nini wawili watolewe damu na mmoja aachwe, aligeuza karatasi nisome mwenyewe.

Kitu kizito kwenye jedwali lile ni kifua kikuu. Kuanzia miaka 15, mwombaji hupigwa picha ya kifua. Mtoto wa miaka 2 hadi 14 anayetoka katika nchi ambayo kifua kikuu huwapata watu 20 au zaidi kati ya kila 100,000 kwa mwaka hutolewa damu kwa kipimo kiitwacho IGRA. Mtoto wa chini ya miaka 2 hatolewi damu hiyo, isipokuwa kama ana dalili, anaishi na VVU, au amekaa karibu na mtu anayejulikana kuwa na ugonjwa. Kwa hiyo siku ile wakubwa wawili walipelekwa maabara, na kitinda mimba akabaki kifuani kwangu.

Kwenye benchi tuliketi na wazazi waliokuwa na hofu moja: kwamba BCG, ile chanjo ya kifua kikuu inayoacha kovu, itawafanya watoto wao waonekane wana kifua kikuu. Hofu hiyo ina chanzo chake. Kipimo cha zamani, cha kuchoma dawa kidogo chini ya ngozi ya mkono na kurudi baada ya siku 2 au 3 kupimwa uvimbe, kweli kinaweza kupotoshwa na BCG. IGRA haiendi hivyo. Damu ya mtoto huchanganywa na protini za bakteria wa kifua kikuu ambazo hazimo kwenye BCG, kisha maabara hupima kama chembe nyeupe zinatoa kemikali iitwayo interferoni gama. Zikitoa, maana yake zimewahi kukutana na bakteria wenyewe. Nilimweleza hivyo dada mmoja aliyekuwa akimfunika mwanawe kovu kwa mkono wa shati, akashusha pumzi. Wazazi wengi hufika pale wakiwa na uvumi mwingi kuliko maelezo, na sidhani kama ni haki kuwaacha hivyo.

Kuhusu sindano zenyewe, niliamua kutowadanganya watoto. Usiku wa kuamkia siku ile niliwaambia: mtachomwa, itauma kidogo, haitachukua muda, na mimi nitakuwa nimewashika. Wa miaka 4 aliuliza kama anaruhusiwa kulia. Nikamwambia analia anavyotaka, ila mkono hautikisiki. Alilia kweli, kwa sauti ya kujaza nyumba, na mkono haukutikisika. Mtoto aliyeahidiwa kwamba hachomwi, kisha akachomwa, hamwamini tena mtu yeyote chumbani, hata mama yake, na baada ya damu bado kuna chanjo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya sindano za chanjo: mzazi awepo, mtoto mdogo apakatwe akiwa wima badala ya kulazwa, anayenyonya anyonyeshwe wakati wa kuchomwa au muda mfupi kabla, na sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho. Nilimwomba muuguzi nimnyonyeshe kitinda mimba akichomwa. Alikubali mara moja. Kuomba hakugharimu kitu, na mara nyingi wahudumu wanajua haya yote ila wana foleni ndefu nje ya mlango. Tuliwanywesha watoto maji ya kutosha asubuhi pia, maana IGRA haihitaji mtu afunge, na mshipa wa mtoto mwenye maji mwilini huonekana vizuri zaidi.

Upimaji wa mwili ulikuwa mpole kuliko nilivyotazamia. Urefu, uzito, na kwa mdogo mzingo wa kichwa. Macho, masikio, koo, tezi za shingoni, moyo, mapafu, tumbo, ngozi, viungo. Daktari alimwacha kitinda mimba azunguke chumbani, akawa anamfuata kwa macho. Alimuuliza kaka yake jina lake na kitu anachokipenda, kisha akanyamaza amsikilize. Hayo yalikuwa sehemu ya upimaji, maana ukuaji wa mtoto unaonekana anapotembea, anaposhika kitu na anapozungumza. Katika chumba cha jirani, mlango ukiwa wazi, nilimsikia mama akimkanya mwanawe kila alipofungua mdomo, kwa kumheshimu daktari, mpaka daktari akamwambia, "Mama, mwache aseme, nataka kumsikia."

Lipo jambo la haya. Daktari anaweza kuomba mtoto avuliwe nguo ili aone ngozi na mwili mzima, na mtoto wa miaka 6 anajua kuona haya. Nilimwandaa binti yangu kabla: daktari atakuangalia mimi nikiwepo, na ukiona kitu hakikupendezi niambie hapohapo. Wavalishe nguo rahisi kuvua na kuvaa, na usikubali kuachwa nje ya mlango.

Sasa niseme kuhusu chanjo, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi zenye watoto wadogo hukwama, na ndipo umri unapokuwa na nguvu kuliko mahali pengine popote.

Tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani inamtaka anayeomba viza ya uhamiaji aonyeshe kwamba amepata chanjo zilizopangwa. Orodha ni ndefu: dondakoo, pepopunda, kifaduro, polio, homa ya ini, surua, matumbwitumbwi, rubela, tetekuwanga, na nyinginezo. Lakini hakuna mtoto anayechomwa orodha nzima. Chanjo ya rota, ya kuhara kwa wachanga, mwisho wake ni miezi 8. Ya Hib na ya nimokoka, bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, huishia kabla mtoto hajafika miaka 5. Ya surua, matumbwitumbwi na rubela kwa pamoja, ambayo wahudumu huiita MMR, huanza mwaka mmoja, sawa na ya tetekuwanga. Ya homa ya ini aina ya A inawahusu watoto walio kwenye mwaka wao wa pili. Binti yangu wa miaka 6 hakuulizwa habari za Hib wala nimokoka, na mdogo wake wa mwisho aliulizwa zote mbili. Kama ungetazama kadi zao tatu bila kujua umri wao, ungedhani kuna anayependelewa.

Kadi ya kliniki ndiyo hati niliyoilinda kuliko pasipoti. Pasipoti ikipotea inatolewa nyingine; tarehe ya dozi aliyopewa mtoto akiwa na wiki 6, ikifutika, ni kazi kuipata. Daktari anataka tarehe ya kila dozi, iliyoandikwa na mhudumu wa afya. Kadi iliyoandikwa tu kwamba mtoto amemaliza chanjo haimsaidii, na kauli ya mzazi peke yake haitoshi. Kadi ya binti yetu ilikuwa imeloa zamani na ukurasa mmoja ulikuwa hausomeki. Tulirudi kituo alichochanjwa. Muuguzi akafungua daftari la watoto wa mwaka aliozaliwa, akafuata mstari kwa kidole, akampata, akaandika kadi mpya na kuipiga muhuri. Yule mama alitunza daftari lile vizuri miaka yote hiyo, na kwa kazi yake hiyo mwanangu aliepushwa na sindano ambazo alikwisha kuzipata.

Yapo mambo mawili kwenye kadi yaliyotushughulisha. La kwanza ni neno Penta. Kwenye kadi nyingi utaona Penta 1, Penta 2, Penta 3, wakati fomu ya Marekani, DS-3025, inataka kila ugonjwa peke yake. Penta ni chanjo tano ndani ya sindano moja: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na Hib. Daktari mzoefu anajua na anazigawa mwenyewe. Hata hivyo niliandika kwenye karatasi pembeni tarehe za kila moja, nikamkabidhi pamoja na kadi, na kazi yake ikawa nyepesi.

La pili ni surua. Katika nchi ambazo surua bado inasambaa sana, mtoto huchanjwa mapema, akiwa na miezi 9, na hiyo ni kinga ya kweli inayookoa maisha. Ila kwa kanuni za Marekani dozi iliyotolewa kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja haihesabiwi. Tena chanjo zinazotolewa sehemu nyingi ni za surua na rubela tu, hazina matumbwitumbwi. Wazazi huudhika hapo, wakaona kama watoto wao wanarudishiwa kitu walichokwisha kupewa. Daktari alitueleza sababu: mtoto wa chini ya mwaka bado anaweza kuwa na kinga aliyopewa na mama yake, na kinga hiyo huizuia chanjo isishike barabara. Dozi ya nyongeza haimdhuru. Watoto wetu wote watatu walichomwa MMR.

Mtoto aliyewahi kuugua tetekuwanga hahitaji chanjo yake. Daktari anaweza kuandika historia ya ugonjwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa wa miaka 4.

Na hapa ningependa kusikika vizuri, kwa sababu nimeona familia zikiahirisha tarehe kwa ajili ya jambo hili: mtoto halazimiki kumaliza dozi zote za kila chanjo kabla ya kusafiri. Akiwa na upungufu, daktari humpa dozi zinazofaa kwa umri wake siku hiyo, na kwa zile ambazo muda wa kusubiri kati ya dozi haujatimia, anaandika hivyo kwenye fomu na faili linaendelea. Zilizobaki atamalizia anakokwenda. Kwa watoto wa kuasiliwa kutoka nchi nyingine walio na miaka 10 au chini ya hapo, sheria inawaruhusu hata wazazi kula kiapo kwamba watamchanja ndani ya siku 30 baada ya kuwasili.

Jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye barua ya miadi ni mpangilio wa sindano. MMR ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na vinaweza kuupunguza kwa muda mwitikio ambao IGRA inaupima. Kwa hiyo damu hutolewa siku ileile ya chanjo au kabla yake. Vinginevyo husubiriwa wiki 4 au zaidi. Familia moja tuliyokutana nayo ilikuwa imewachanja watoto siku chache kabla, kwa nia njema kabisa ya kufika ikiwa imejiandaa, na ikaambiwa isubiri ndipo damu itolewe. Kwa chanjo hai zenyewe, kama MMR na tetekuwanga, ni ama siku moja ama zipishane siku 28. Nikiulizwa na mtu anayejiandaa, namwambia apeleke kadi ilivyo na amwache daktari apange.

Mwanangu wa kiume alipokuwa mchanga alipata degedege ya homa na akalazwa. Jamaa wengine walitushauri tusiitaje, wakisema tutajifungia mlango wenyewe. Tuliitaja. Daktari aliuliza ilitokea mara ngapi, kama imewahi kurudi, kama kuna dawa anazotumia, akaomba karatasi za kuruhusiwa kutoka hospitali. Tulikuwa nazo. Akazisoma, akaandika mistari miwili mitatu, akaendelea na masikio.

Ninawaelewa wazazi wanaoficha, kwa sababu kumwona mwanao akiwa sababu ya familia nzima kukataliwa ni wazo linalonyima usingizi. Lakini magonjwa yanayozuia viza ya Marekani yanahesabika: kifua kikuu kinachoambukiza, kaswende na kisonono visivyotibiwa, ukoma usiotibiwa, na machache mengine ya hatari kwa umma. Zaidi ya hayo ni kukosa chanjo, matumizi ya dawa za kulevya, na maradhi ya akili yanayoambatana na tabia ya kudhuru. Mtoto mwenye pumu, kifafa, mguu uliopinda au aliyechelewa kusema hayumo humo. Na VVU viliondolewa kwenye orodha tarehe 4 Januari 2010. Bado nakutana na wazazi wasiolijua hilo, wanaomlea mtoto anayetumia dawa vizuri na wamekata tamaa ya kuomba. Mtoto huyo atafanyiwa uchunguzi zaidi wa kifua kikuu, kwa sababu kinga yake inahitaji umakini, lakini VVU peke yake havimzuii.

Majibu ya damu yalipotoka, ya mwanangu yalikuwa hasi. Ya binti yangu yalikuwa chanya.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu neno chanya kwenye karatasi ya mtoto wa miaka 6 ni zito. Swali la kwanza lililonijia ni nani aliyemwambukiza, kwa kuwa mtoto huambukizwa kifua kikuu na mtu mzima aliye karibu naye. Picha zetu wazazi zilikuwa safi. Tulipitia majina ya watu waliowahi kukaa naye kwa muda mrefu, hatukupata jibu, na nilimwomba mume wangu tuache, kwa sababu tulikuwa tumeanza kuwatazama ndugu zetu kwa jicho baya. Daktari alitueleza kwa utaratibu. Chanya kwenye IGRA maana yake bakteria wamo mwilini. Mtoto anaweza kuwa nao bila kuumwa na bila kumwambukiza mtu. Kinachofuata ni picha ya kifua. Picha ikiwa safi na mtoto hana dalili, huandikiwa daraja linaloitwa B2, anapewa ruhusa ya kusafiri, na kufuatiliwa huko anakokwenda. Picha ikionyesha shaka, hukusanywa makohozi siku tatu mfululizo na kuoteshwa maabara, na hapo subira ni ya wiki 8 hivi. Mtoto mdogo hajui kukohoa akatoa makohozi, kwa hiyo huenda ikabidi majimaji yachukuliwe tumboni kwa mrija asubuhi kabla hajala. Nilisikiliza hilo la mrija huku nikimtazama binti yangu akisuka nywele za mwanasesere, nikaomba picha iwe safi.

Ilikuwa safi. B2.

Kisha faili likakaa. Cheti cha polisi kutoka nchi ambayo mume wangu aliwahi kufanya kazi kilichelewa, na bila cheti hicho viza isingetolewa. Majibu ya upimaji hudumu miezi 6 kwa kawaida, na kwa baadhi ya hali za kifua kikuu miezi 3 tu. Viza haiwezi kudumu kupita majibu hayo, na msafiri lazima aingie nchini kabla hayajaisha. Yetu yaliisha cheti kikiwa bado hakijafika.

Tuliporudi kupimwa upya, kitinda mimba alikuwa amevuka miaka 2. Yule aliyeachwa mara ya kwanza alikuwa na zamu ya mirija ya damu. Alikuwa mkubwa kiasi cha kukumbuka mahali pale na mdogo mno kueleweshwa, na huo ndio umri mgumu kuliko wote kwenye chumba cha maabara. Baba yake alimpakata, mikono yote miwili ndani ya mikono yake, akamwimbia sikioni. Majibu yalikuwa hasi. Binti mkubwa alirudiwa picha, ikawa safi tena. Chanjo walizopata mara ya kwanza hazikupotea hata moja. Zilihesabiwa zote, na dozi za pili ambazo wakati wake ulikuwa haujafika, sasa ulikuwa umefika, wakachomwa.

Kutokana na hayo nina ushauri mmoja wa tarehe. Usikimbilie kupima afya mapema kwa kudhani unawahi. Subiri hatua ambayo ubalozi umeelekeza, hakikisha hati nyingine zimetimia, hasa zile zinazotoka nchi za mbali, ndipo uwapeleke watoto. Na kama una mtoto anayekaribia miaka 2 au mtu anayekaribia 15, jua kwamba siku ya kuzaliwa inaweza kubadilisha atakachofanyiwa. Usiharakishe kwa sababu ya kukwepa sindano, bali mjiandae kwa kile kinachokuja.

Wakati huohuo wifi yangu alikuwa kwenye maombi ya ukaazi wa kudumu Kanada, naye akajaliwa mimba katikati ya faili. Kwao mipaka ya umri ni mingine: picha ya kifua kuanzia miaka 11, mkojo kuanzia 5, damu kuanzia 15, na chanjo si sharti la viza ingawa kadi inafaa kubebwa. Majibu yao hudumu miezi 12. Alipofika kwa daktari akiwa mjamzito, picha yake ya kifua iliahirishwa hadi ajifungue, kwa kumlinda mtoto aliye tumboni, na faili la familia likasubiri pamoja naye. Mtoto alipozaliwa ilibidi atangazwe kwenye maombi na apimwe: uzito, urefu, kichwa, moyo, akarudi kulala.

Jamaa walimshauri amwache mtoto nje ya faili ili wasicheleweshwe, kisha amwite baadaye. Alikataa, na alifanya vyema sana. Kanuni ya 117(9)(d) ya uhamiaji ya Kanada inasema kwamba mwanafamilia ambaye hakutangazwa na kupimwa wakati wa maombi hawezi, kwa kawaida, kudhaminiwa baadaye kama mwanafamilia. Inamhusu hata mtoto asiyesafiri, hata anayelelewa na mzazi mwingine. Mwaka 2019 Kanada ilianzisha sera ya majaribio ya kuwapa nafuu baadhi ya waliokumbwa na kanuni hiyo, lakini mimi nisingemweka mtoto wangu mchanga mikononi mwa sera ya majaribio. Dakika chache kwenye mizani ya daktari zilimlindia haki ya kuishi na wazazi wake.

Wanaokwenda Australia nao hukuta picha ya kifua ikianzia miaka 11, na watoto wa miaka 2 hadi 10 kutoka nchi zenye kifua kikuu kingi hupimwa maambukizi yake. Uingereza, kwa wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha yake na wanaoomba kukaa zaidi ya miezi 6, mtoto wa chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi picha, lakini lazima aonwe na mhudumu na apate cheti. Usichukue maelezo ya jirani aliyekwenda nchi nyingine ukawaandaa nayo watoto wako.

Tulipofika, idara ya afya ya jimbo ilikuwa na taarifa za binti yetu, kwa sababu daraja la B2 hufuata mtoto kupitia CDC. Walitupigia, wakampima tena, wakamwandikia rifampisini kila siku kwa miezi 4 ili wale bakteria waliolala wasije wakaamka. Walitutahadharisha kwamba mkojo na machozi vitageuka rangi ya chungwa, na kwa kuwa niliambiwa mapema sikushtuka. Alizimaliza dawa zote.

Nakala za DS-3025 za watoto wote tulikuwa tumeziomba kwa daktari siku ya mwisho, na nawasihi wazazi wote wafanye hivyo, kwa kuwa kila jimbo la Marekani hudai chanjo kabla ya mtoto kuanza shule. Muuguzi wa shule alinakili tarehe zote kutoka kwenye fomu hizo, za binti na za kaka yake, akaturudishia. Hakuna aliyeanzishwa chanjo upya, na wiki iliyofuata wote wawili walikuwa darasani.